Mkono wa Maestro

Maestro alikuwa na mkono wa kulia uliotutawala kuliko gavana yeyote aliyewahi kupita mji wetu wa Kamina. Akiufungua na kuuinua, tunapandisha sauti, na kadiri unavyopanda nasi tunapanda nao mpaka mishipa ya shingo itokeze. Akifunga ngumi, kimya. Hakuwa na ishara nyingine, wala hakuwa mtu wa kusema "anzeni" au "acheni". Alisema mdomo wa kiongozi ni wa kulia chakula, kuongoza ni kazi ya mkono. Kwaya nzima ya kanisa letu, wake wa makarani, wauguzi, walimu na mabinti wa shule, iliujua mkono ule kuliko ilivyoijua Biblia. Na siku ile ujuzi huo ulipomgeukia mwenyewe, kwaya ilikuwa bado haijasahau. Nitafika huko.

Mimi nilifundisha Kifaransa katika shule ileile aliyofundisha muziki, na jioni nilimpigia besi katika kundi lake la gitaa za umeme. Nilimchukia. Nasema mapema ili asiyependa kusikia mabaya ya mkubwa ajiondokee. Lakini huwezi kumchukia mtu sawasawa bila kumjua, na mimi nilimjua.

Nilijua, kwa mfano, kwamba hakuweza kutazama kuku akichinjwa. Mkewe akishika kisu, yeye huyo barabarani, amevaa kofia yake, mpaka manyoya yaishe. Kila Jumapili baada ya ibada alibeba sufuria ya sombe, yaani kisamvu, kuwapelekea wafungwa, kwa mikono yake mwenyewe, na hakutaka mtu amsaidie. Kuna wimbo mmoja wa Krismasi uliokuwa ukimliza kila mwaka kwenye ubeti uleule. Ukimwona hapo, miwani imelowa, ungedhani ni mtu wa huruma.

Kumbe huruma yake ilikuwa ya wimbo tu, si ya mwimbaji. Mabinti walitoka mazoezini na vidole vilivyovimba kwa rula. Mke wa shemasi mmoja, mama mzima mwenye wajukuu, aliwahi kukosea kuingia. Maestro alifunga ngumi, akanyamazisha kwaya yote, akamwambia mbele ya mumewe:

"Mama, weye unakuja ku kwaya kufanya nini? Enda ku soko. Kule beko natafuta bantu ya kulalamika."

Watu walicheka. Mama yule aliendelea kuja, kwa kuwa sisi Wamethodisti wa mjini afadhali kutukanwa ndani ya kwaya kuliko kuheshimiwa nje yake. Shemasi naye alicheka.

Alikuwa na misemo yake, na tuliiiga tukiwa peke yetu, tukikaza sauti kama yeye. "Machozi bila mesure iko fujo." Huo aliusema kila mara mwimbaji alipozidiwa na moyo akaacha kuhesabu mesure, yaani mapigo ya wimbo. Mwingine: "Wimbo ikitoka mu kinywa, haina tena mama." Tulidhani ni mzaha wa mwalimu wa muziki.

Rumba aliidharau. Aliiita muziki wa viuno. Zamani alifundisha watoto wa maofisa kule Base, kambi ya jeshi nje ya mji, na huko alizikuta sahani za santuri za roki zilizoachwa na mafundi wa kizungu walioondoka haraka. Alizisikiliza hadi zikachakaa. Alichokitaka zaidi kilikuwa zile nyimbo za polepole, tulizoziita slow, zinazoanza kwa kunong'ona kisha gitaa inalia kwa nguvu mpaka mtu anasimama wima. Hatukuwa na chombo cha kuifanya gitaa ilie hivyo. Maestro akachukua wembe, akaketi mbele ya bafle, yaani lile sanduku la sauti, akaichanja karatasi yake ya ndani taratibu kama anayechanja mtoto dawa. Tulipowasha, gitaa ikakwaruza, ikanguruma, ikalia. Mbwa wa jirani alikimbia. Maestro alitabasamu siku nzima.

Kundi tukaliita Radi. Maestro alishika kinanda. Binti yake wa pekee aliimba, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata baba yake hakupata la kuikosoa, akawa anaikosoa mikono yake, eti inaning'inia. Kwenye gitaa ya solo alikuwapo Mwilambwe, kijana aliyeoa karibuni, mkewe mjamzito. Mama yake alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya, na kwa kuwa kwetu mama huitwa kwa mwanawe, hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Mama Mwilambwe. Kijana yule ndiye pekee aliyethubutu kumcheka Maestro usoni, na Maestro alimwacha, sijui kwa nini. Labda alimpenda.

Zikaja zile wiki za vita ambapo askari wa serikali iliyokuwa ikianguka walikimbia kutoka mashariki, kwa treni na kwa miguu, wakichukua kila kilichobebeka. Base ilijaa. Mjini tulifunga milango mchana kweupe. Na Maestro akakumbuka kwamba bafle letu kubwa lilikuwa bado kwa sajini mmoja kule Base, tulikopigia harusi. Asubuhi akaenda nyumbani kwa Mwilambwe. Nilikuwa naye. Mama alikuwa jikoni, anasonga bukari, ugali wetu.

"Kamata kinga, enda mbio," Maestro alimwambia kijana. "Wakiiba ile bafle, Radi inakufa."

"Maestro, leo?" Mama akauliza. "Risasi iko nalia kule."

"Risasi iko mbali, Mama."

Mwilambwe alishika kinga, yaani baiskeli, akacheka jinsi alivyozoea. "Minarudia, mama. Bukari haitapola."

Walimrudisha adhuhuri juu ya baiskeli yake mwenyewe, amefungwa kwa mpira, wachuuzi wawili wa mihogo wakiisukuma. Watu wakatoka majumbani licha ya hofu. Maestro alifika, akavua kofia, akamtazama kijana kwa muda. Halafu akawauliza wachuuzi:

"Na bafle?"

Wachuuzi wakainama kuufungua mpira, waishushe maiti. Nimejaribu kwa miaka mingi kujishawishi kwamba nilisikia vibaya, lakini nilikuwa nimesimama karibu naye kabisa.

Na sasa nisikilizeni, maana mtu huyu hakuwa rahisi. Mbao hazikupatikana mjini. Maestro alirudi kwake, akavunja kitanda chake cha ndoa, akaleta mbao begani kwa safari kadhaa, akapiga misumari ya jeneza mwenyewe. Yeye na mkewe walilala chini kwa muda mrefu baadaye. Hakuwahi kulitaja jambo hilo. Mtu wa namna hiyo utamweka wapi?

Nieleze kidogo desturi yetu ya kilio, kwa kuwa mambo yote yanasimama hapo. Mama akimlilia mwanawe, anamwita kwa jina, na maneno anayotunga ni ya kilio kile tu. Ikifika siku ya kumaliza kilio, familia hukutana, mama huoga, huvua kitambaa cheusi, na maneno yale hayasemwi tena. Hapo jina linakuwa huru. Mtoto atakayezaliwa katika ukoo atapewa, na aliyekufa anarudi nyumbani kwa njia hiyo. Ila jina ambalo bado linaliliwa halipewi mtoto. Nani amvike mtoto mchanga jina ambalo watu wangali wanalipeleka kaburini?

Mama Mwilambwe alilia alasiri ile ameketi chini, miguu imenyooshwa. Alianza chini, karibu kusema tu, akimwita arudi kabla ugali haujapoa: "Mwilambwe, rudia. Mwilambwe, rudia, bukari inapola." Kisha jina likapanda. Likapanda mpaka mahali ambapo sauti yake, sauti ya pili ya kwaya, haikuwahi kufika, na huko juu likavunjika vipande viwili. Wanaume wakainamisha vichwa. Mimi niliketi karibu na Maestro, naye kichwa alikuwa ameinamisha pia, lakini kidole chake kilikuwa kikigonga goti. Alikuwa anahesabu mesure.

Kabla udongo wa kaburi haujakauka, alikuja mazoezini na wimbo. Ulianza chini, karibu kusema tu. Kinanda peke yake, sauti ya binti yake peke yake, mimi na besi nikiingia kwa mbali. Ubeti wa pili ngoma. Halafu jina. Gitaa, ikipita katika bafle dogo alilolichanja wembe upya, mikononi mwa mpigaji mpya, ililia chini ya jina lile, na binti alilipandisha mpaka juu kabisa na kulivunja vipande viwili mahali palepale. Maestro alimrudisha mara nyingi mpaka alipovunja sawasawa. Binti alikuwa akilia, akisema, "Papa, hii ni ya Mama Mwilambwe." Baba akamjibu, "Machozi bila mesure iko fujo. Rudilia."

Sikuja hapa kuungama. Nilipiga, wote tulipiga, na ulikuwa wimbo mkubwa kuliko sisi. Mara ya kwanza tulipoupiga, Jumapili mchana katika ukumbi wa shule, watu walisahau kupiga makofi. Wanaume walitoka nje wakajifanya wanatafuta kiberiti.

Tuliurekodi kwa mikrofoni moja na redio ya kaseti, na kutoka hapo ukatuponyoka. Watu wa treni waliubeba hadi Luena, wenye baiskeli hadi Kabongo, wakiurudufu kaseti kwa kaseti mpaka mngurumo wa gitaa ukazidi kuwa mzito. Jeshi jipya lilipoingia, liliukuta, likaupenda. Vita vya pili vilipoanza, wakaja askari wa nchi nyingine wakakaa Base, wasiojua neno la Kiswahili chetu, nao wakauimba wakiwa juu ya malori. Kule Lubumbashi, wasichana na wavulana waliucheza wakiwa wamekumbatiana, wakiamini Mwilambwe ni msichana mrembo aliyemkimbia mchumba wake. Harusi haikukamilika bila Mwilambwe. Bibi harusi alikatiwa keki kwa Mwilambwe.

Na kila ulipopigwa, kuna mwanamke mmoja Kamina aliyekuwa amevaa nyeusi akiziba masikio. Siku moja, kwenye kizuizi cha njia ya soko, askari alimwuliza jina. Akajibu alivyozoea kujibu. Askari akaangua kicheko, akawaita wenzake: "Mukuje! Huyu njo mama ya Mwilambwe!" Wakamwambia aimbe ndipo apite. Alikuwa na kikapu cha dagaa kichwani na watu nyuma yake wakisubiri. Aliimba. Askari walimrekebisha mahali alipokosea.

Mjukuu wake alizaliwa katika miezi hiyo, msichana. Jina lilikuwa likimngoja. Kwetu jina la baba linamfaa binti vilevile. Wazee wa ukoo wakaulizwa, wakasema jambo ambalo kila mtu alilijua: kilio hiki hakijaisha, kinaliliwa kila siku na nchi nzima, jina haliwezi kutolewa. Mtoto akaitwa Bébé, yaani mtoto mchanga tu, kwa muda.

Mama akafunga kitambaa chake vizuri akaenda kwa Maestro. Ilikuwa alasiri, tunafanya mazoezi uani, na sote tulisikia. Alipiga goti kidogo, akapiga makofi ya heshima.

"Maestro, minakuja na heshima yote. Mutoto ya Mwilambwe anazaliwa. Minataka nimalize kilio, nimupatie jina ya baba yake. Minakuomba, tosha jina mu wimbo, uiondoe. Utie ingine. Utie jina ya mutu mwenye hakuzaliwa."

Maestro alimletea kiti. Alizungumza naye kwa upole ambao hakuwahi kuutumia kwetu.

"Mama, jina ile njo wimbo. Nikiitosha, inabakia nini?"

"Inabakia gitare."

"Hakuna mutu analia ju ya gitare."

"Ni kilio yangu, Maestro. Ilitoka mu tumbo yangu."

"Ilikuwa yako. Wimbo ikitoka mu kinywa, haina tena mama. Sasa iko ya bantu yote."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mikono inaning'inia. Alisema, "Papa." Maestro akafunga ngumi bila kugeuka, naye akanyamaza. Kisha akaingia ndani, akarudi na kaseti mpya, akampa Mama kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompa mkubwa zawadi. Mama hakuwa na redio. Aliipokea, akashukuru, akaenda zake, na nilipotaka kumsindikiza akanikataza kwa kichwa.

Hapo ndipo nilipoacha kundi. Radi haikunikumbuka. Besi haikumbukwi.

Homa ilimchukua binti wa Maestro vita vikiwa vimeshika njia, dawa hospitalini zimekwisha, treni hazitembei. Aliugua kwa siku chache tu. Maestro aliyeogopa damu ya kuku alimbeba mgongoni binti mtu mzima, akamzungusha kila zahanati ya mji. Alipokufa, mji wote ulikuja, kwa kuwa mji wote uliijua sauti ile.

Tulikaa uani, jua likiwa bado kali, wanawake kwenye mikeka. Mke wa Maestro alifungua kinywa kumlilia mwanawe na hakikutoka kitu. Mtu akizidiwa, wengine humsaidia kuanza kilio. Basi binti mmoja wa kwaya, rafiki wa marehemu, akaanzisha kilio alichokijua, na maskini wa Mungu alikijua kimoja tu. Wasichana wa umri ule walikuwa wamekulia vitani na wimbo ule, hawakuwahi kujifunza kulia kwingine. Akaanza chini, karibu kusema tu. "Mwilambwe, rudia."

Wenzake wakaingia, kila mmoja mahali pake, walivyofundishwa. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maestro akainuka kati ya wanaume. Alikuja mpaka mbele ya mikeka akitikisa kichwa, midomo inacheza, na akauinua mkono wake wa kulia kuwasihi waache. Lakini mkono ulikuwa wazi. Kwaya ikauona, ikapandisha. Akaogopa, akauinua zaidi, na wanawake wale waliojua kuusoma kuliko Biblia wakapanda nao, machozi yakiwatiririka, wakiamini baba anaomba mwanawe aliliwe kwa nguvu zote. Akainua mkono wa pili. Wakalifikia jina. Wakalipeleka juu kabisa na kulivunja vipande viwili, sawasawa, mesure kwa mesure, jina la mtoto wa mtu mwingine juu ya maiti ya mtoto wake.

Mwanamke mmoja tu alifunga mdomo. Mama Mwilambwe aliketi kwenye safu yake ya sauti ya pili, nyeusi mwilini, akiutazama mkono. Alijua maana yake. Angeweza kuwanyamazisha kwa neno. Alikaa.

Binti akazikwa hivyo. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mkewe Maestro alikataa kuvua nyeusi, akisema mtoto wake hajaliliwa bado, amesindikizwa tu na wimbo wa harusi za watu. Vita vikaisha, au tuseme viliondoka kwetu, na yeye bado amevaa. Maestro aliacha kwaya. Wanasema alijaribu kumtungia mwanawe kilio, na kila alichotunga kilianza chini, karibu kusema tu, kisha kikapanda kulekule.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa nyumbani kwa Mama Mwilambwe, miaka imepita. Nilikuwa nimepeleka mbegu za mahindi. Mama alikuwa akichambua lengalenga, mchicha wetu, kwenye ungo. Maestro akaingia uani, kofia mkononi, amekonda, akapiga goti mpaka chini na kupiga makofi ya heshima. Nilitaka kuondoka. Mama akanionyesha nikae.

"Mama, minakuja na heshima yote," alisema. "Mutoto wangu hajaliliwa. Ku radio kila siku minasikia sauti yake, anaita mutoto yako. Hakuna mwenye anamuita yeye. Weye njo unajua kulia. Kuja umulie mara moja, ku jina yake, muke yangu atoshe nyeusi."

Mama aliendelea kuchambua majani. "Nitakuja," alisema. "Siku utatosha jina mu wimbo."

"Mama, siwezi tena. Iko mu nchi yote."

"Mi najua."

Ng'ambo ya ua, mtu aliwasha redio. Sina haja ya kusema ulipigwa wimbo gani. Kinanda, kisha msichana aliyekufa akaanza kunong'ona. Maestro, akiwa bado amepiga goti, aligeukia ule upande, akainua mkono wa kulia na kufunga ngumi. Aliifunga kwa nguvu mpaka vifundo vikawa vyeupe. Wimbo ukaendelea. Nilimchukia mtu huyu nusu ya maisha yangu, na pale nilitamani kukimbia nikaivunje redio ile kwa jiwe.

Mama akaweka ungo chini. "Mukubwa hapigi magoti mu vumbi kwangu," alisema, halafu akaita kuelekea ndani: "We! Letea Maestro kiti!"

Akatoka msichana mrefu kunizidi, amefunga kikwembe, yaani kitenge, kiunoni kama watu wazima, ana kicheko cha baba yake mdomoni. Aliweka kiti, akainama, akamsalimu mzee kwa mikono miwili. Redio ilikuwa ikilipandisha lile jina. Maestro alishikilia kiti akainuka, na kwa mazoea ya wakubwa wanaposalimiwa vizuri na mtoto, akamwuliza anaitwa nani.

"Bébé, papa," akajibu.